NGEGE ASIBAKI JINA TU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wakati wa likizo iliyopita nilimtembelea babu yangu mzaa mama, ambaye alivua samaki katika Ziwa Viktoria tangu ujana wake mpaka macho na mgongo vilipomkataza. Siku ya pili akanipa fedha akaniambia, "Mjukuu wangu, nenda mwaloni ukaniletee ngege." Nikaenda. Muuzaji wa kwanza niliyemwuliza akanionyesha fungu la samaki wanene wanaong'aa, akasema, "Hawa ndio ngege." Nikanunua wawili, nikarudi nyumbani kwa furaha.

Babu hakuwapeleka jikoni. Alimshika mmoja, akaukunjua mkia wake kwa vidole, akasema, "Tazama mistari hii iliyosimama mkiani. Huyu ni sato. Ngege hana mistari hii." Nikamjibu kwamba muuzaji mwenyewe ndiye aliyesema kuwa ni ngege. Babu akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Yule kijana hana kosa. Hajapata kumwona ngege. Jina limebaki, mwenyewe ameondoka."

Tangu siku ile neno hilo limo moyoni mwangu, nami nimeona yafaa nilitoe katika gazeti letu la shule ili walimu na wanafunzi wenzangu walipime. Rai yangu ni hii: nchi yetu yahitaji daftari kamili la vinasaba vya samaki wa maji baridi, daftari litakaloandikwa hapa kwetu na watu wa kwetu, na maadamu halijakamilika, tusimwage samaki wageni katika mabwawa na mito yetu kama mtu amwagaye maji ya kuoshea vyombo. Tena nitaonyesha kwamba jambo hili lahusu shule yetu yenyewe, muhula ujao, si mambo ya mbali.

Kwanza niwaeleze wasomaji habari za ngege, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa baada ya siku zake. Wataalamu humwita Oreochromis esculentus. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "kiliwacho". Jina hilo alilipata mwaka 1928 kutoka kwa Mwingereza Michael Graham, ambaye katika miaka ya 1927 na 1928 alitumwa kuchunguza uvuvi wa ziwa hili. Graham aliona kwamba ngege ndiye samaki aliyetegemewa kuliko wote, na kwamba nyavu za kigeni zilizoingia mwanzoni mwa karne ile zilikwisha kuanza kumpunguza. Alishauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Ushauri wake baadaye uliachwa.

Samaki walipozidi kupungua, wakubwa wa wakati ule walitafuta dawa, na dawa waliyoiona ilikuwa kuleta samaki wengine. Katika miaka ya 1950 walitiwa ziwani sato na jamaa zake wengine wa kigeni, na kuanzia mwaka 1954 akatiwa sangara. Sato alikua upesi kuliko ngege, akamnyang'anya mahali pa kuzalia na kulelea watoto. Sangara naye alikaa kimya kwa miaka mingi, kisha katika miaka ya 1980 akafurika ziwa zima. Maji nayo yalikuwa yakichafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani na kwa taka za miji. Ngege akashindwa. Leo wavuvi wa ziwa kubwa waweza kumaliza mwaka bila kumwona. Amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni na malambo, ambako sangara hakufika. Mahali pamoja panapojulikana sana ni Ziwa Kanyaboli, huko Siaya nchini Kenya, ambako watafiti wamesoma vinasaba vya ngege na kuona kwamba ziwa hilo dogo ni ghala lililomhifadhi.

Hakuondoka peke yake. Wako wale samaki wadogo tuwaitao furu, ambao watu wengi hudhani ni aina moja tu. Kumbe ziwa hili lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, kila moja na chakula chake na mahali pake: wako waliokula konokono, wako waliokula wadudu, wako waliokwangua miamba, na wako waliokula mayai na watoto wa samaki wenzao. Wataalamu kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na kabla hawajamaliza kuwapa majina, samaki wenyewe wakaanza kutoweka mbele ya macho yao. Inakadiriwa kwamba aina kama 200 zimekwisha au zimeadimika mno. Ndiyo kusema kwamba wako viumbe waliokuwako katika maji haya tunayoyaoga, wakafa wote, wala hawakupata hata jina.

Msidhani kwamba ni kwetu tu. Maji baridi yamefunika sehemu isiyofika moja kwa mia ya uso wa dunia, lakini karibu nusu ya aina zote za samaki huishi humo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba kati ya samaki, kamba, kaa na kereng'ende wa maji baridi, karibu robo moja ya aina zao wamo katika hatari ya kutoweka.

Sasa, daftari la vinasaba ni kitu gani? Nitajaribu kulieleza kama nilivyolielewa. Ndani ya kila chembe ya mwili wa samaki mna maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walitoa shauri kwamba si lazima kuyasoma maandishi yote ili kumtambua mnyama. Yatosha kusoma kipande kifupi kimoja, chenye herufi zipatazo 650, kinachopatikana katika mitokondria. Kipande hicho hutofautiana kati ya aina na aina, kama zile alama za mistari zilizopigwa kwenye sabuni na madaftari dukani, ambazo mashine ikiziona mara moja yajua ni kitu gani na bei yake.

Kazi yenyewe huwa hivi. Mtaalamu akata kipande kidogo cha pezi la samaki, kama ukucha, akakitia katika spiriti. Katika maabara vinasaba hutolewa, kile kipande kinachotakiwa hunakiliwa mara nyingi sana, kisha mashine husoma herufi zake. Lakini herufi hizo peke yake hazisemi kitu. Mtu akikutajia namba ya simu bila jina, wewe utajuaje ni ya nani? Hapana budi pawe na daftari lenye majina. Kwa hiyo kwanza lazima achukuliwe samaki ambaye wajuzi wamemtazama na kukubaliana kwamba ni fulani. Herufi zake ziandikwe pamoja na jina lake, picha yake, mahali alipovuliwa na tarehe. Na mwili wake utunzwe katika makumbusho, ili mwenye shaka aweze kwenda kumtazama tena. Ndipo samaki mwingine asiyejulikana aweza kulinganishwa naye. Daftari la namna hiyo hutunzwa katika kompyuta, nasi katika Kiswahili cha leo twaliita hifadhidata. Yako yaliyo makubwa sana, kama lile la Guelph, na lile liitwalo GenBank lililofunguliwa Marekani mwaka 1982, na kila mtu mwenye intaneti aweza kuyasoma bila malipo.

Wengine watauliza, "Kwani macho hayatoshi? Babu yako alimjua sato kwa mkia tu." Ni kweli, nami namheshimu babu kwa elimu yake. Lakini macho yana mipaka. Samaki mchanga wa sato na wa ngege, akiwa na urefu wa kidole, ni vigumu kumtambua hata kwa mvuvi hodari. Mayai hayana mkia wa kutazama. Minofu iliyokwisha kuchunwa ngozi haina magamba. Na kubwa kuliko yote ni jambo la machotara, kwa sababu jamaa hawa wa sato wakikutana katika maji mamoja waweza kuoana.

Juu ya jambo hili uko uchunguzi uliofanywa nchini kwetu na kuchapishwa mwaka 2019. Katika bonde la mto Pangani yuko samaki aitwaye Oreochromis jipe, ambaye jina lake latoka katika Ziwa Jipe, na yuko mwingine aitwaye Oreochromis korogwe, ambaye nadhani sina haja ya kueleza jina lake limetoka wapi. Wachunguzi walipima vinasaba vyao na vya wageni walioletwa. Huko Pangani walikuta machotara wa sato na wenyeji hao wawili, ijapokuwa si wengi. Katika bonde la Ziwa Viktoria hawakukuta chotara kati ya samaki waliowapima. Lakini neno lililonishika zaidi ni hili: walipojaribu kuwatambua machotara kwa umbo la mwili na kichwa tu, haikuwezekana kwa urahisi. Vinasaba ndivyo vilivyowafichua. Basi hata babu, pamoja na ujuzi wake wote, angeweza kudanganywa na chotara.

Hapo ndipo niijiapo shule yetu. Wote mwajua kwamba katika shamba la shule limechimbwa bwawa, na kwamba muhula ujao litatiwa vifaranga vya samaki. Mradi huu ni mzuri, wala siupingi. Nami ni mmoja wa wale walioshika majembe. Lakini bwawa letu liko juu ya kijito, na kijito hicho huteremka mpaka kwenye lambo la kijiji. Wazee wa kijiji wasema kwamba lambo lile lilitiwa ngege zamani, kabla ya Uhuru, na kwamba wazao wao wamo mpaka leo. Jumamosi moja tulikwenda huko pamoja na mwalimu wetu wa Biolojia. Mvuvi mmoja akatuonyesha samaki wawili wadogo ambao mikia yao haikuwa na mistari. Tulimwuliza mwalimu kama hao ndio ngege. Akawageuza huku na huku, akajibu, "Huenda ni ngege. Huenda ni machotara. Kwa macho yangu siwezi kuapa." Nilimpenda kwa jibu hilo, maana wako watu wengi ambao wangeapa.

Masika ya mwaka jana ukingo wa bwawa la mtu mmoja jirani ulibomolewa na mvua, na asubuhi watoto walikuwa wakiokota samaki mtaroni. Waliookotwa ni wachache. Wengine walikwenda na maji. Walikuwa samaki wa aina gani? Mwenyewe alinunua vifaranga kwa mchuuzi aliyepita na ndoo, akaambiwa ni sato bora. Hakuna ajuaye zaidi ya hapo. Basi ukingo wetu nao ukibomoka, na samaki wetu wakiwa wageni, watateremka mpaka lambo lile. Ikiwa wale wa lambo ni ngege halisi, tutakuwa sisi, wanafunzi tunaosoma sayansi, ndio tuliowaharibu. Na hatutajua kamwe tulichoharibu, kwa sababu hatukuandika kilichokuwako.

Nilipolitoa jambo hili katika mdahalo wetu, wenzangu walinipinga kwa hoja nne. Naona ni haki nizijibu hapa, maana siku ile kengele ililia kabla sijamaliza.

Hoja ya kwanza: samaki ni chakula, watu wataka kushiba, hawataki majina ya Kilatini. Najibu kwamba mimi pia nataka kushiba, na maharage ya kila siku twayajua wote. Lakini mkulima mwenye akili hali mbegu zote. Ngege, jamaa zake wa Jipe, wa Korogwe na wa Rukwa, na wale wa maziwa ya magadi wanaostahimili maji ya moto na chumvi, hao wote ni mbegu. Kesho ugonjwa ukiingia katika mabwawa ya sato, au joto likizidi, wafugaji watataka damu nyingine ya kuchanganya. Wataitafuta wapi, ikiwa tumekwisha kuikoroga yote kuwa kitu kimoja?

Hoja ya pili: elimu hii ni ya matajiri, na wageni watachukua samaki wetu wakatajirike navyo vinasaba vyao. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Mfano uko. Katika miamba ya upande wa Mwanza yuko furu mzuri mwenye rangi nyekundu na manjano, ambaye mwaka 1985 alipewa jina la nyererei kwa heshima ya Baba wa Taifa. Mwaka 2014 maandishi yake yote ya vinasaba yalichapishwa pamoja na ya sato na samaki wengine watatu wa Afrika. Kazi hiyo ni kubwa na ya manufaa, lakini mashine zilizosoma hazikuwa Mwanza. Je, dawa yake ni kukataa daftari? La. Mtu akiandika habari za nyumba yako kwa sababu wewe hujui kuandika, dawa ni kujifunza kuandika. Tena iko Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayotaka atakayetumia viumbe vya nchi nyingine apate ruhusa na agawane faida na wenyewe. Lakini mtu adai vipi haki ya kitu asichokijua kwamba anacho? Daftari ni hati ya shamba.

Hoja ya tatu ilitolewa na mwenzangu mmoja ambaye amesoma sana, naye alisema kwamba njia hii haiwezi kuwatenga furu. Nakubali kwamba asema kweli. Ziwa Viktoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na furu wametokea tangu lilipojaa tena. Kwa hesabu ya viumbe huo ni muda mfupi mno, hata kile kipande cha herufi 650 hakijapata nafasi ya kutofautiana. Ziko aina ambazo mtoto aweza kuzitenga kwa rangi na meno, na bado kipande hicho kikawa sawasawa. Kadhalika mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo chotara aweza kusomeka kama aina ya mama yake. Lakini mwenzangu alikosea kuhitimisha kwamba basi daftari halina faida. Chombo kimoja hakijengi nyumba. Nchini Canada, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulipima aina 190 za samaki wa maji baridi, na kipande kile kiliweza kuzitenga karibu 93 kwa mia. Kwa kambare, ningu, gogogo, domodomo na dagaa wetu, chombo hicho chaweza kufaa vizuri. Kwa furu na machotara tutahitaji kusoma sehemu nyingi zaidi za vinasaba, pamoja na kutazama rangi, meno na mahali wanapoishi. Na hapo ndipo ujuzi wa wavuvi kama babu unapoingia. Daftari halimfukuzi babu. Lamwita aje aseme anayoyajua kabla hajaondoka.

Hoja ya nne: kuandika jina la mgonjwa hospitalini hakumponyi. Hii ndiyo iliyopigiwa makofi mengi. Ni kweli, daftari peke yake halimwokoi samaki hata mmoja. Nyavu haramu hazitachomwa na kompyuta, wala maji machafu hayatasafishwa na herufi. Lakini daktari asiyejua jina la ugonjwa atatoa dawa gani? Aliyeleta sangara na sato katika miaka ya 1950 hakuwa adui. Alitaka watu wapate chakula, naye alitenda kabla hajajua kilichokuwamo majini. Sisi tukitenda vivyo hivyo leo, hatuna udhuru wake.

Tena daftari likishakuwako, lafungua mlango mwingine wa ajabu. Samaki huacha majini ute, magamba na kinyesi, na humo mna vinasaba vyake. Mwaka 2008 wachunguzi huko Ufaransa walionyesha kwamba maji machache yaliyotekwa bwawani yaweza kutaja chura anayeishi humo, hata kama hakuonekana. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi uliopima njia hiyo katika Ziwa Tanganyika, lenye samaki wengi ajabu. Fikirini: mtu ateka maji ya lambo katika chupa, asiue samaki hata mmoja, akajua ni nani waliomo! Lakini chupa hiyo yaweza kutaja tu majina yaliyomo katika daftari. Samaki asiyeandikwa hupita bila kujulikana, hata akiwa amejaa lambo zima.

Na haraka yahitajika. Samaki wengi waliokusanywa zamani walitiwa fomalini ili wasioze. Fomalini huhifadhi umbo, lakini huharibu vinasaba. Hivyo hatuwezi kungoja, tukisema kwamba wale wa makumbusho watatusomea yote. Walio hai ndio wa kuandikwa, nao wapungua.

Basi nataka mambo matatu, na yote yako katika uwezo wetu au wa wakubwa wetu.

Kwanza, Kamati ya Mradi isitie kifaranga hata mmoja bwawani kabla haijajua ametoka wapi na ni wa aina gani. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Mwanza. Na iandikiwe barua kuombwa shauri, nasi tupeleke vipande vya mapezi ya wale samaki wa lambo pamoja na picha zao. Ikionekana ni ngege halisi, naona bwawa letu lifuge ngege wale wale, au kambare wa bonde hili hili. Watakua polepole kuliko sato, nakiri. Lakini ukingo ukibomoka hatutakuwa na deni kwa mtu.

Pili, Chama cha Sayansi kianzishe daftari lake la karatasi. Kila mwanafunzi akienda likizo aandike majina ya samaki wa kwao kwa lugha ya kwao, awaulize wazee tofauti zao, na aandike walikovuliwa na lini. Hapa shuleni tuna wenzetu wa Kigoma, wa Rukwa, wa Kyela, wa Rufiji na wa Same. Katika chumba kimoja cha kulala tuna karibu maziwa yote ya nchi hii! Kazi hii haihitaji mashine, yahitaji kalamu tu; na wataalamu wakija na mashine zao watakuta tumekwisha kuwafungulia njia.

Tatu, Serikali yetu iongeze vijana wanaofundishwa kusoma vinasaba, na vyombo vya kuvisomea viwe katika vituo vyetu wenyewe, ili kipande cha pezi kilichokatwa Mwanza kisomwe Mwanza. Wenzetu wa Kenya na Uganda wanakunywa maji ya ziwa lile lile, na samaki hawajui mipaka. Daftari la ziwa na liwe moja.

Mimi nitafanya mtihani na kuondoka mwaka huu. Bwawa litabaki, na kijito kitaendelea kuteremka. Siku moja huenda nitakuja hapa na mjukuu wangu, nimtume mwaloni akaniletee ngege. Ningependa aliyeko mwaloni siku hiyo ajue ninamtaja nani. Ndugu zangu wa kidato cha tatu, ninyi ndio mtakaokuwapo vifaranga vitakapoletwa. Ulizeni wametoka wapi. Msipojibiwa, ulizeni tena.